Yule dada wa ofisini kanivutia sahani ya biskuti kisa nimetaja Section 8!!!

Mama Mapacha wa Texas

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya gari, nje ya ofisi yao, hata mkanda sijafunga. Mikono inatetemeka. Herufi zikipishana mnivumilie.

Wabongo wa Houston, yule dada wa zile apatimenti za kijivu, mwenye kope za kubandika zinazotangulia kufika kabla yake, mnamjua. Sitaji jina. Mwaka huu kila msiba yupo na kila harusi yupo, mnamjua vizuri tu.

Nimeingia, kanipokea kwa Kiswahili cha nyumbani kabisa. Karibu dada yangu, jua leo limeamua kutuua. Kanisogezea sahani ya biskuti, zile laini za chokoleti, na chupa ya maji ya baridi. Ananionyesha picha za jiko. Ananiuliza wanangu wanasoma wapi. Nikajua leo nimefika kwa ndugu. Nikachukua biskuti, nikang'ata, nikasema: mimi nina vocha ya Section 8, ule msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba.

KAVUTA SAHANI.

Jamani kavuta sahani. Ilikuwa katikati ya meza, ikarudi upande wake taratibu, kwa kidole kimoja, wala haniangalii. Halafu Kiswahili kikamwishia hapo hapo, kikaanza Kiingereza cha puani: programu hiyo hatupokei. Na mimi nusu ya biskuti iko mdomoni, sijui nimeze au nirudishe.

Hii vocha sikuiokota. Nimekaa kwenye foleni mpaka mimba ikawa mapacha, mapacha wakaota meno, na sasa meno yameanza kung'oka. Orodha yenyewe inafunguliwa siku chache kisha wanachezesha bahati nasibu. Ukishaipata unapewa siku 60 za kuanzia utafute nyumba mwenyewe huko mtaani kwa watu binafsi, wakikuhurumia wanakuongezea, wasipokuhurumia inakufia mkononi. Zangu zinayoyoma. Na kila ofisi unayoingia inataka ada ya maombi ambayo hairudi hata wakikukataa kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Na hela yenyewe haipiti hata mikononi mwangu! Mimi nalipa kama asilimia 30 ya kipato, inayobaki mamlaka ya nyumba inamtumia mwenye nyumba moja kwa moja kila mwezi. Yaani mpangaji mwenzangu ni serikali ya Marekani. Anamtaka nani tena, Benki Kuu?

Nikamuuliza kwa upole kabisa kwa nini hawapokei. Akasema hata wangekuwa wanapokea, kipato changu lazima kiwe mara tatu ya kodi. Mara tatu ya kodi YOTE, sio ya kipande changu. Dada, ningekuwa na mara tatu ya kodi ningehangaika na vocha? Ningekuja hapo kununua jengo pamoja na hizo kope.

Lakini hayo yote nasamehe. Sahani sisamehi. Nimeosha wazee wa watu usiku kucha, nimetukanwa na bibi wa miaka tisini akanirushia uji, sikulia. Leo nimelia kwa ajili ya biskuti ambayo hata kwa dola moja sinunui.

Kwa kidole kimoja, wakuu.

Mzee wa Tegeta

Picha ya sahani iko wapi? Bila picha hii ni chai.

Mbeba Boksi

Swali moja tu mleta mada. Ile nusu uliimaliza?

Mama Mapacha wa Texas

Niliimaliza. Taratibu, namtazama machoni.

Mbeba Boksi

Hapo umelinda heshima ya taifa.

Kope Fupi

Namjua huyo. Mwaka jana alikuja kwenye kitchen party ya shemeji yangu akaondoka na foili mbili za pilau. Leo biskuti za kampuni zinamuuma?

Sheria Mkononi

Pole dada, ila kwa Texas huyo hajavunja sheria yoyote. Hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwenye nyumba binafsi wa kawaida kupokea vocha. Jiji la Austin lilijaribu mwaka 2014, likapitisha kwamba huwezi kumkataa mtu kwa sababu kodi yake inalipwa kwa vocha. Bunge la jimbo likaja 2015 likapiga marufuku miji na kaunti kutunga sheria za namna hiyo. Waliobakizwa kidogo ni askari wastaafu, hao miji bado inaruhusiwa kuwalinda. Sasa wewe na mapacha wako mmepigana vita gani?

Mama Mapacha wa Texas

Sikuuliza sheria mkuu. Nimeuliza SAHANI. Kuna sheria inayomruhusu kuvuta sahani?

Sheria Mkononi

Sahani ni mali ya ofisi.

Kent Hadi Kifo

Hamia huku kwetu jimbo la Washington. Vocha inahamishika, muulize ofisa wako. Huku tangu 2018 kumkataa mtu kisa vocha ni kosa jimbo zima. Wanachofanya ni kukwambia chumba kimechukuliwa asubuhi hii hii. Ukipiga simu jioni kwa lafudhi nyingine, kipo. Lakini biskuti wanakuachia ule.

Mwenye Nyumba Mnyonge

Mtanichukia lakini niseme. Mimi nina kanyumba kamoja nimekanunua kwa shida, nikampokea mtu wa vocha. Nyumba imekaa tupu wiki kadhaa inasubiri mkaguzi wa mamlaka aipitishe kwanza. Mkaguzi kaja, kanifelisha. Kisa? Kifuniko cha soketi kimepasuka na king'ora cha moshi betri imeisha. Nikanunua kifuniko kwa sarafu chache, nikasubiri ukaguzi upya, na mkopo wa benki unadai kila mwezi. Tukirudi kwenye kodi, mamlaka ina kikomo chake cha kulipa, ukitaka zaidi hupati. Msituone wote tuna roho mbaya.

Kope Fupi

Kwa hiyo na wewe huwa unavuta sahani.

Mwenye Nyumba Mnyonge

Mimi sina sahani. Mimi nina mkopo.

Uncle Sam wa Buza

Ila na nyie mmezidi. Mmeenda Marekani kutafuta maisha mnaishia kupangiwa nyumba kwa kodi za watu. Rudini Buza.

Mama Mapacha wa Texas

Kodi za watu gani? Nakatwa kodi kila wiki mbili, karatasi ya mshahara ninayo hapa. Nina makaratasi yangu, kijani kabisa, asiye na makaratasi hapati vocha hata alie damu. Na wanaostahili ni wengi kuliko wanaopata, kama mmoja kati ya wanne tu ndiye anaambulia msaada wowote wa nyumba. Wewe Buza unapangiwa na nani?

Uncle Sam wa Buza

Naishi kwa mama. Kwani kuna shida?

Mtoka Nyarugusu

Dada pole sana. Sisi wakimbizi wa Kongo huku Kentucky tunapita mule mule. Wenyewe tuko watu saba, vyumba wanahesabu watu wawili wawili, sasa nyumba ya vyumba vinne kwa bei ya vocha utaiona wapi? Kambini Nyarugusu, kule Kigoma, tulikuwa na hema na turubai, lakini hakuna mtu aliyetuuliza kipato mara tatu.

Reading Siyo Kusoma

Afadhali nyie wa Marekani. Huku Uingereza msaada wa kodi ya nyumba binafsi wanaupima kwa nyumba za bei ya chini, asilimia 30 za mwisho za eneo lenu, na viwango walivyopandisha Aprili 2024 wakaviacha hapo hapo vimeganda. Kodi zenyewe hazijaganda. Mimi sijafika miaka 35 sina mtoto, nahesabiwa chumba cha kuchangia nyumba na wageni. Nachangia jiko na jamaa anayepika samaki saa nane usiku. Miaka yote matangazo yaliandikwa wazi kabisa wenye kulipiwa na serikali wasipige simu, mpaka mahakama ya York mwaka 2020 ikasema huo ni ubaguzi.

Mzee wa Tegeta

Samaki gani?

Reading Siyo Kusoma

Sijui mzee, hamtoi hata magamba.

Mlipa Tozo Nairobi

Nyinyi mnalia mkisaidiwa, sisi hapa Kenya tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote, mwajiri anaongeza yake 1.5, ati tujengewe nyumba nafuu. Mimi bado niko Umoja nalipa rent kwa caretaker ambaye hukata maji akikasirika na bibi yake. Wiki hii wamekosana tena. Sisi ploti nzima hatujaoga.

Kope Fupi

😂😂😂 Caretaker mwenyewe anaoga wapi?

Mlipa Tozo Nairobi

Haogi. Ndio maana bibi amekasirika.

Mpangaji Sugu

Wote mnaongea mambo ya mbele. Njoo Dar uone. Dalali anakutoza hela ya kuonyeshwa tu, hata chumba ukikikataa hairudi. Ukikipenda, mwenye nyumba anataka miezi sita mkupuo, dalali anataka wa kwake mwezi mmoja juu. Luku moja wapangaji watano, na kuna mmoja anapiga pasi ya kibiashara. Hakuna vocha, hakuna ukaguzi, hakuna biskuti. Mkaguzi wenu akija hapa kwetu akaanza na soketi, hatoki salama.

Mbeba Boksi

Hela ya kuonyeshwa siku hizi ni ngapi?

Mpangaji Sugu

Elfu kumi mpaka ishirini, inategemea dalali kaamkaje. Juzi kanionyesha chumba ambacho mwenyewe bado amelala ndani.

Mama Mapacha wa Texas

Naomba turudi kwenye mada jamani. Ametoka nje sasa hivi, anavuta sigara pale mlangoni, ananipungia mkono. ANANIPUNGIA MKONO.

Mzee wa Tegeta

Mpangaji Sugu, mimi nina chumba Kimara Temboni, masta, tiles, laki na ishirini. Hakuna dalali, ni changu mwenyewe.

Mpangaji Sugu

Miezi mingapi mzee wangu?

Mzee wa Tegeta

Sita.

Mpangaji Sugu

Mzee umesoma nilichoandika hapo juu kweli?

Mzee wa Tegeta

Nimesoma. Luku yako peke yako.

Uncle Sam wa Buza

Mzee, maji yapo au ya kununua?