Mrejesho: inveta ya sola, Ujiji

Wakuu, niliwauliza ni inveta gani (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuwashia vyombo vya nyumbani) itabeba friji, TV na taa kwa betri ya lithiamu ya volti 24. Ahsanteni sana. Niliachana na zile za bei chee kama mlivyoshauri, nikachukua ya wati 3,000 inayotoa wimbi laini kama umeme wa gridi. Friji inawaka vizuri, feni haingurumi tena. Aliyesisitiza fundi abadili mpangilio wa chaji kwenye inveta kutoka betri ya asidi kwenda lithiamu, ubarikiwe; ilitoka dukani ikiwa bado kwenye asidi.

Pampu ya kisima ndiyo imegoma. Ikiwashwa tu, inveta inalia na kujizima, kwa hiyo bado natumia jenereta. Halafu hata bila kuwasha kifaa chochote, inveta yenyewe inakula betri kidogo kidogo, hilo hamkuniambia!