Umeme ukikatika usiku, nyama ya friza turudishe au tutupe?

Nalongo_Bombo
Assalamu alaykum wapendwa. Huku Bombo, Uganda, umeme ukikatika usiku, asubuhi nakuta kuku amelegea pembeni, katikati bado barafu. Nimrudishe kuganda au nipike vyote siku ileile? La pili, nikienda kazini mama mkwe hutoa nyama asubuhi, anaiweka kwenye beseni jikoni iyeyuke hadi jioni. Naogopea watoto, na kumkosoa mtu mzima ni kazi. Nisaidieni.

FundiFriji_Ndeeba
Nyabo, umeme ukienda usifungue mlango hata mara moja. Friza iliyojaa ikibaki imefungwa hushika baridi karibu saa 48, ikiwa nusu saa 24. Friji yenyewe ni saa 4 tu. Kama friza ina nafasi, ijaze chupa za maji, ila usizijaze hadi mdomoni, maji yakiganda yanatanuka. Tafuta na kipimajoto: friji isizidi nyuzi 4, friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Na ukisafiri, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya mia tano juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta imezama, ujue umeme ulikuwa umepotea muda mrefu.

Muuguzi_Arua
Dada, huyo kuku mwenye barafu katikati mrudishe bila wasiwasi, au mpike. Atapungua utamu kidogo, basi. Ila nyama iliyopoteza baridi kabisa yakapita masaa 2, tupa, hata kama inauma mfukoni. Usionje kupima, wala usitegemee harufu. Watu husema "nitachemsha sana". Bakteria wengine huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi, na friza haiwaui, inawasimamisha tu.

Ndiyo maana hilo beseni linanitia hofu. Nje ya nyama inafikia joto la jikoni wakati ndani bado ni jiwe, na huko nje ndiko wanakozaana. Hamishia nyama kwenye friji jana yake, rafu ya chini kabisa, ndani ya bakuli, maji yake yasidondokee matoke yaliyopikwa. Kuku mzima anahitaji kama siku nzima. Una haraka? Mfunge kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) isiyovuja, mzamishe kwenye maji baridi, ubadilishe maji kila dakika 30, kisha apikwe papo hapo.

Bibi_wa_Kisenyi
Mwanangu, mkweo usimwambie amekosea. Kata nyama vipande vya mlo mmoja mmoja kabla ya kugandisha, andika tarehe. Usiku kabla ya kulala hamisha fungu moja kwenye friji, asubuhi umwambie, "Mama, ya leo iko tayari ndani ya friji, usijisumbue na beseni." Hakuna mama atakayekasirika. Vipande vya samaki ngege vyembamba hata usiviyeyushe, vitie kwenye mchuzi hivyohivyo, uongeze muda wa moto.

Nalongo_Bombo
Bibi, Mungu akuzidishie. Leo usiku naanza. Na maharage yaliyobaki? Huwa tunayaacha kwenye sufuria juu ya sigiri (jiko la mkaa) mpaka asubuhi.

Muuguzi_Arua
Hapana dada. Yagawe kwenye vyombo vipana, yasiwe kina kirefu, yapoe upesi, yaingie friji kabla ya masaa 2 kupita. Yatakaa siku 3 hadi 4. Ukiyatoa, yapashe mpaka yachemke kabisa, na upashe yale tu mtakayoyamaliza.