Naomba ushauri: niongeze semi ya kubeba makaa ya mawe?

Habari zenu wakuu. Nina semi moja inayobeba makaa ya mawe kutoka Mbinga kwenda bandari ya Mtwara. Benki imekubali kunikopesha nichukue ya pili, marejesho miaka mitano, ila nasita kusaini.

Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipoanza, bei ya dunia ilivuka dola 400 kwa tani na malori yakawa yanagombaniwa. Imeshashuka sana tangu hapo. Uingereza ilifunga mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa Septemba 2024. Lakini China inachoma zaidi ya nusu ya makaa yote duniani, na hiyohiyo ndiyo inaongoza kufunga sola! Nishike lipi?

Madalali nimewauliza, wote wanasema mzigo upo (dalali gani atasema haupo?).

Kwa mnaoijua kazi hii: meli zikipungua Mtwara, mzigo wa viwanda vya saruji vya hapa nchini unaweza kubeba rejesho? Na kama nikinunua, nichukue tela la tipa, au la kawaida ambalo kesho litapakia korosho na mahindi?