Kesi ya 2015 ilitupwa lakini gudi kondakti (cheti cha polisi cha tabia njema) bado inaisema: Kiambu Road, wakili ama Kamishna wa Data?

Bahari_Tupu
Salamu wenzangu wa Malindi. 2015 nilikuwa nauza vinyago ufuoni nikashikwa ati nimeiba simu ya mgeni, mgeni mwenyewe akarudi kwao, shahidi hakuna, nikapanda kotini mara sita mpaka siku moja hakimu akasema nenda nyumbani. Sasa nimepata kazi Qatar, nimelipa ile 1,050 kwa eCitizen nikapigwa vidole, jibu ati nina kesi. Nimeambiwa njia tatu: niende mwenyewe Kiambu Road Nairobi kwa DCI, wale wapelelezi wa polisi wanaotoa cheti, niweke wakili, ama nishtaki kwa Kamishna wa Data, anayelinda habari za watu. Ipi bora? Ejenti wa kazi anangoja.

MamaFaridi
Yakhe ngoja kwanza. Ilitupwa kwa kifungu gani cha sheria ya kuendesha kesi za jinai (CPC)? Kama kiongozi wa mashtaka ndiye aliyeiondoa kwa 87(a) kabla hujajitetea, hapo umefunguliwa mlango tu, wanaweza kukurudisha kwa jambo lilo hilo. Kama mlalamishi hakutokea ikatupwa kwa 202, ama hakimu akasema huna la kujibu kwa 210, hiyo imekwisha kabisa. Sisi tukiambiwa nenda nyumbani tunakimbia, karatasi hatuulizi.

Kolokolo
Nakubaliana na mama. Ya mdogo wangu ilikuwa 87(a) na namba ya kesi alikuwa hana, tukaikuta kwa risiti ya dhamana, marehemu mama aliiweka ndani ya msahafu. Faili likaletwa limefungwa kamba ya katani, vumbi mpaka karani akapiga chafya. Tukachukua kopi yenye muhuri wa koti, hii ya kupiga picha na simu haisaidii, akapanda basi mpaka Kiambu Road akaikabidhi. Baadaye akaomba cheti upya, kikatoka safi. Nauli na subira tu.

Dereva_wa_Gede
Wakili ni wa pale DCI watakapokataa. Katiba 35(2) inakupa haki habari ya uongo ama ya kupotosha irekebishwe au ifutwe, na High Court tunayo hapa hapa, hupandi basi. Lakini wakili mmoja aliniambia elfu themanini nikamuuliza ni ya kesi ama ya kununua koti lenyewe 😂

Binti_Barani
Kamishna ni bure na unajaza kwa simu, sheria ya data ya 2019 kifungu cha 40. Ubaya wana siku 90 za kuamua. Ejenti gani atakungoja siku 90?

Tumbili01
Kaka nina mtu ndani, niandikie inboksi

MamaFaridi
Usimwandikie. Ukishikwa na cheti cha bandia sasa ndiyo utakuwa na kesi ya kweli.

Bahari_Tupu
Nimetoka rejista ya koti saa hii, faili nimeliona. Ni 87(a). Tena jina la baba wameandika Ali, mimi ni wa Athmani, sijui hiyo nayo itanisumbua.

Kolokolo
Itakusumbua. Nenda na kitambulisho, uliza karani mapema linarekebishwa vipi, usisafiri na karatasi ya Ali.

Bahari_Tupu
Basi narudi tena kesho. Ejenti nimemwambia mwisho wa mwezi, amenijibu kwa kidole gumba tu.