Athari za unene uliopitiliza katika maisha na kazi: nitumie dodoso gani?

Mwanafunzi wa uuguzi, Morogoro

Habari zenu, wanajukwaa. Ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu wanawake wenye unene uliopitiliza wanaohudhuria kliniki ya kisukari. Msimamizi wangu amelirudisha akisema kwamba BMI inaonyesha uwiano wa kilo na urefu tu, wala haisemi mtu anaishi vipi. Namwelewa, kwa sababu wanawake wawili wenye BMI ya 36 wanaweza kutofautiana kabisa: mmoja hubeba ndoo ya maji hadi ghorofa ya tatu, na mwenzake hawezi kuinama akafunga kamba za viatu. Je, yapo madodoso ya kupima jambo hili, na yale yaliyotungwa Marekani yanatufaa?

Daktari wa afya ya jamii

Yapo. Linalofahamika zaidi ni IWQOL-Lite, lililotokana na kazi ya Ronette Kolotkin na wenzake. Lina maswali 31 yanayogusa uwezo wa mwili, kujithamini, tendo la ndoa, adha mbele za watu, na kazi. Kila swali lina majibu ya ngazi tano, na alama hugeuzwa ziwe kati ya 0 na 100, ambapo 100 ni hali njema kabisa. Kwa upande wa kazi liko WPAI lenye maswali 6 kuhusu siku 7 zilizopita: saa ambazo mtu alikosa kazini kwa sababu ya afya yake, na kiasi ambacho ufanisi wake ulishuka alipokuwapo. Ongeza EQ-5D, dodoso fupi la hali ya afya kwa ujumla, ambayo ina tafsiri ya Kiswahili na itakuwezesha kulinganisha na wagonjwa wa maradhi mengine.

Msimamizi wako hayuko peke yake. Januari 2025 jopo la wataalamu la jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology lilipendekeza kwamba unene uhesabiwe kuwa ugonjwa pale unapovuruga kazi ya viungo vya mwili, au unapomzuia mtu kwa kiasi kikubwa kufanya shughuli za kila siku kama kuoga na kuvaa.

Muuguzi wa kliniki, Tanga

Dada, kabla hujachapa nakala, soma maswali ya adha mbele za watu. Yanataja viti vya ndege na kumbi za maonyesho, ilhali wagonjwa wangu wengi hawajawahi kupanda ndege. Kinachowaumiza ni konda wa daladala anayedai nauli ya watu wawili huku abiria wakicheka, choo cha kuchuchumaa, kuinuka kutoka mkekani msibani, na kusujudu. Tena kuna mtego: mama mmoja alinijibu kwamba hana shida yoyote ya kutembea, kumbe ameacha kwenda sokoni na siku hizi anamtuma mwanawe. Muulize pia mambo aliyokuwa akiyafanya zamani na sasa ameyaacha.

Kuhusu kujithamini, usishangae ukipata alama za juu kwa mtu ambaye magoti yamemshinda. Huku kwetu anayenenepa huambiwa amenawiri, na anayepungua huanza kunong'onwa kwamba ana maradhi. Kwa hiyo usitosheke na jumla ya alama. Ripoti kila eneo la dodoso peke yake.

Mwanafunzi wa uuguzi, Morogoro

Ahsanteni sana. Basi niondoe ndege niweke daladala?

Mtakwimu

Hapana, usijiamulie. IWQOL-Lite lina wenye haki zake, na ukilibadilisha bila kibali matokeo yako hayatalinganishwa na ya mtu mwingine. Waombe kibali cha kubadili mifano. Maswali ya mkeka, choo na sala uyaweke kwenye sehemu yako mwenyewe yenye alama zake. Tafsiri ifanywe na watu wawili, mwingine airudishe kwenye Kiingereza bila kuona asili, kisha wagonjwa wachache wakueleze kwa maneno yao walivyolielewa kila swali.

WPAI ndiyo itakayokusumbua zaidi, maana imejengwa juu ya saa za ajira. Mama lishe hana saa za kuripoti. Hufungua alfajiri na kufunga chakula kinapokwisha. Kwake ningeuliza siku ambazo hakufungua, siku alizofunga mapema kwa sababu ya maumivu, na kazi gani amelazimika kumlipa mtu amsaidie. Na kwa kuwa majibu ya mdomo yana mtego aliousema muuguzi, pima pia umbali ambao kila mshiriki anatembea kwa dakika 6. Unahitaji ukumbi tambarare, saa na futi ya kupimia.