Tupeane uzoefu: kuagiza seti za kukusanya zinazouzwa eneo moja tu, kupitia mawakala wa kupokea mizigo

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wadau, salaam. Naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo ambalo wakusanyaji wengi tunalifanya kimyakimya: kununua seti ambayo kampuni imeitenga kwa soko la eneo fulani, kuielekeza kwenye ghala la wakala aliye huko, kisha kuisafirisha hadi kwetu. Kwa asiyefahamu ninachozungumzia, mfano mzuri ni seti za LEGO za mwaka 2019 zilizouzwa Asia na Pasifiki peke yake, yaani 80101 ya chakula cha mkesha wa mwaka mpya wa Kichina, 80102 ya ngoma ya joka na 80103 ya mashindano ya mitumbwi ya joka. Mwaka uliofuata kampuni ilibadili msimamo, na seti mpya za sikukuu hiyo, 80104 na 80105, zikauzwa duniani kote, lakini zile za mwanzo zilibaki kuwa za kutafutwa.

Yangu ni 80102. Ina vipande 622, na ukizungusha kimkono chake joka linapanda na kushuka juu ya fito za wachezaji kama vile linapumua. Niliinunua katika duka la Singapore lisilotuma mizigo nje ya nchi, nikatumia anwani ya wakala wa hukohuko. Sitaki kueleza bei ya seti, kwa sababu bei ya seti siyo iliyoamua gharama. Kilichoamua ni boksi.

Kampuni za usafirishaji wa haraka kwa ndege, DHL na FedEx zikiwamo, hupima uzito halisi na uzito wa ujazo, kisha hutoza ule ulio mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, na kugawanya kwa 5,000. Chukua katoni ya sentimita 60 kwa 40 kwa 20: jibu ni kilo 9.6, hata kama ndani yake kuna plastiki ya kilo mbili na nusu tu. Wakala aliniuliza iwapo angeweza kufungua boksi, kulikunja na kutuma mifuko ya vipande pamoja na kitabu cha maelekezo. Kwa mtu anayetaka kuijenga na kuiweka kabatini, hilo ni pendekezo la busara kabisa. Kwa anayetaka kuihifadhi ikiwa haijafunguliwa, boksi lenye gundi yake ya kiwandani ni sehemu kubwa ya thamani, kwa hiyo hana ujanja, atalipia hewa. Mimi nililipia hewa. Ningependa kusikia wenzangu mliamuaje.

Mdau wa Mombasa

Ahsante kwa mada, ndugu. Mimi upande wangu ni Gundam, yaani roboti za plastiki za kuunganisha mwenyewe, na hasa zile za Premium Bandai, duka la mtandaoni la kampuni ya Bandai inayozitengeneza, ambazo hutengenezwa kwa oda na haziingii katika maduka ya kawaida. Utazitambua hata kwa boksi lake, kwani mengi huchapwa kwa rangi chache kuliko ya toleo la dukani. Utaratibu ni huu: dirisha la oda linafunguliwa, unalipa, oda haifutwi tena, halafu unasubiri miezi kadhaa mpaka itengenezwe na kutumwa kwenye anwani ya Japani.

Hapo ndipo wakala anapoingia. Kuna aina mbili, na ni vyema wageni wasizichanganye. Aina ya kwanza, mfano Tenso, hukupa anwani tu. Wewe mwenyewe ndiye mnunuzi. Aina ya pili, mfano ZenMarket, hununua kwa niaba yako na kuongeza ada yake. Kwa aina ya kwanza utatakiwa kuthibitisha utambulisho wako kabla ya kifurushi kutoka, kwa hiyo jina la kwenye oda lifanane na la kwenye pasipoti. Anwani utakayopewa ina namba yako binafsi, na namba hiyo ndiyo inayomwambia mtu wa ghalani kwamba mzigo ni wako. Duka moja lilikata mstari wenye namba yangu kwa sababu anwani ilikuwa ndefu mno kwa fomu yao, na boksi likakaa ghalani bila mwenyewe hadi nilipotuma namba ya ufuatiliaji pamoja na picha ya uthibitisho wa oda. Tangu hapo naiandika namba hiyo mbele kabisa, kabla ya jina la jengo.

Kuhusu hewa uliyoilipia, ndugu mwanzisha mada, kwa Japani ipo njia. EMS, huduma ya vifurushi vya haraka ya Posta ya Japani, hutoza kwa uzito halisi, siyo kwa ujazo, mradi kifurushi kisizidi kilo 30 na vipimo vyao vya ukubwa. Maboksi ya Gundam ni makubwa na mepesi, kwa hiyo tofauti unaiona mara moja. Ndiyo maana mimi sikubali boksi liguswe, na badala yake naomba maboksi mawili au matatu yawekwe katika katoni moja imara yenye karatasi za kujaza pembeni.

Kikwazo cha kuunganisha ni kalenda. Oda mbili za Premium Bandai zinaweza kutoka miezi tofauti, ilhali ghala hukuwekea mzigo bure kwa muda maalumu tu, na baada ya hapo unalipia kila siku. Kwa sababu hiyo nachagua oda zinazotoka mwezi mmoja, hata kama katikati kuna moja iliyonipendeza zaidi.

Mdau wa Nairobi

Naongeza habari ya ushuru, kwa kuwa wengi hupiga hesabu ya bei na nauli wakasahau kwamba nauli yenyewe huweza kutozwa kodi. Kwa mzigo unaokuja kwa meli, forodha za Afrika Mashariki hukokotoa ushuru juu ya bei, bima na usafiri kwa pamoja, ila kwa mzigo wa ndege nauli haijumlishwi katika hesabu ya ushuru. Tuseme seti imekuja kwa meli, bei yake ni dola 100, na usafiri pamoja na bima ni dola 60. Ushuru wa vitu vya kuchezea kwa kawaida ni 25%, na unakwenda juu ya 160, yaani dola 40. VAT nayo inakwenda juu ya jumla ya 200: kwetu Kenya 16%, dola 32, kwenu Tanzania 18%, dola 36. Bado hujagusa ada ya kushughulikia hati na tozo nyingine ndogondogo. Ukilipia hewa ya meli, basi, unailipia mara mbili: kwa msafirishaji, halafu kwa serikali.

Wapo wanaomwomba wakala aandike kuwa mzigo ni zawadi au apunguze bei. Mimi sishauri, na siyo kwa sababu ya uadilifu tu. Ghala linajua kuwa ni ununuzi kwa kuwa risiti ya duka imo ndani, na afisa wa forodha akiandika namba ya seti kwenye simu yake ataiona bei. Isitoshe, mzigo uliotajwa kuwa wa dola 20 ukipotea, fidia yako ni dola 20.

Mdau wa Arusha

Tahadhari fupi kwa wanaojenga na kupaka rangi. Niliwahi kuongeza chupa za rangi ya aina ya laka katika oda ya Gundam nikiamini ni kitu kidogo. Rangi hiyo inashika moto na hairuhusiwi kwenye vifurushi vya ndege, na ghala lilizuia katoni nzima hadi nilipokubali chupa ziondolewe na kuteketezwa kwa gharama yangu. Rangi za maji zinapatikana kwa urahisi zaidi, na kwa hakika zinatosha. Seti zenye taa nazo zisomeni vizuri kabla ya kuagiza, kwa kuwa betri za lithiamu zina masharti yake.

Mdau wa Muscat

Nasema kama mtu mwenye ndugu Unguja. Huku ushuru wa forodha ni 5% na VAT ni 5%, kwa hiyo jamaa zangu wakusanyaji huelekeza mizigo yao kwangu, na anayesafiri kwenda nyumbani huibeba. Boksi la 80101 hukaa vizuri katikati ya sanduku, likizungukwa na nguo. Hata hivyo, msafiri anayezidisha kiwango kinachoruhusiwa anapaswa kutaja alichobeba anapofika, na sitamwombea radhi mpwa wangu anayedhani kanzu zinaficha kila kitu.

Mdau wa Tanga

Nina swali, wakubwa zangu. Naitaka 80103, ambayo sasa haipo tena madukani, na muuzaji niliyempata yuko Hong Kong na anasema boksi lina kona iliyobonyea. Je, niwaombe wakala waipige picha kabla ya kuilipia usafiri, au ni kupoteza fedha?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Mdogo wangu, omba picha. Mawakala wengi hutoza kiasi kidogo kwa huduma hiyo. Omba pande zote sita, na hasa gundi za kufungia boksi kwenye ncha zake mbili, kwa kuwa kona iliyobonyea haimaanishi kwamba boksi limefunguliwa, ila gundi iliyokatwa na kubandikwa upya inamaanisha hivyo. Ukikuta gundi nzima na wewe ni mjenzi, bonyeo hilo litumie kupunguziwa bei. Ukikuta imebandikwa upya, mrudishie muuzaji mzigo ukiwa bado Hong Kong, kwa sababu ukishafika Tanga nauli ya kuurudisha itazidi thamani ya seti.

Na ahsante, ndugu wa Mombasa, kwa habari ya EMS. Nina seti nyingine ya Japani inayonisubiri ghalani, na nimekwisha kuwaandikia wabadilishe njia ya usafiri.