Mjadala: Dawa mpya za maumivu ya neva ziletwe Nyanda za Juu Kusini, au tujaze kwanza za zamani?

Mfamasia, Mbeya: Wanaotaka suzetrijini, hiyo dawa mpya ya maumivu, kwenye hospitali zetu za mikoa wanaharakisha. Marekani iliiruhusu Januari 2025 kwa maumivu ya muda mfupi, mfano baada ya upasuaji. Inaziba milango ya sodiamu (njia ndogo ambazo neva hutumia kupitisha ishara ya maumivu) aina ya NaV1.8 kwenye neva za pembeni, nje ya ubongo na uti wa mgongo, ndiyo maana hailevyi. Ila kwa neva iliyobanwa kiunoni, jaribio la awamu ya pili lilitoa nafuu iliyolingana na ya kidonge kisicho na dawa. Mgonjwa wa kisukari pale Tukuyu, nyayo zinawaka usiku kucha, tunamwahidi nini? Gabapentini, dawa ya zamani ya neva, ifike vituo vya afya kwanza: 300 mg usiku, kesho yake mara mbili, keshokutwa mara tatu. Figo zikiwa dhaifu, dozi ishuke, kwani hutoka kwa mkojo.

Daktari, Iringa: Ndugu mfamasia, za zamani nazo zina madhara yake. Kabamazepini huziba milango hiyohiyo bila kuchagua, na kwa maumivu ya shoti usoni bado ndiyo ya kwanza: 100 mg mara mbili, unapanda taratibu. Lakini mikoa yetu imebeba mzigo mkubwa wa VVU. Kabamazepini hufanya ini livunje haraka dolutegraviri, dawa ya VVU. Lazima mgonjwa aongezewe 50 mg nyingine za dolutegraviri saa 12 baada ya kidonge chake cha kila siku. Mtu akimwandikia bila kumuuliza, virusi vinapanda, kisha anaambiwa hamezi dawa. Ni uonevu! Ndiyo maana nataka dawa inayochagua mlango.

Mfamasia, Mbeya: Sawa daktari, lakini suzetrijini hairuhusiwi pamoja na ritonaviri. Walio kwenye ARV za mstari wa pili zenye ritonaviri utawaacha nje.

Muuguzi, Makambako: Wakuu, mmeiruka amitriptilini, dawa nyingine ya zamani. Nayo hugusa milango ya sodiamu, na 10 hadi 25 mg usiku husaidia hata maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Mzee mwenye tezi dume au moyo wenye hitilafu asipewe. Na anayemeza isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, apewe vitamini B6 tangu siku ya kwanza, neva zisiharibike. Halafu, anayesema gabapentini imeshindwa aonyeshe faili: dozi iliishia wapi? Wengi huhitaji 1,800 mg kwa siku, na aliyeachwa kwenye 300 hajajaribiwa bado.